Urefu wa Jenerali

Nguzo ni yangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa benchi walishasahau. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kiko hapa Eldoret, kando ya barabara kuu ya kwenda Malaba, mahali malori hupunguza mwendo kwa sababu ya matuta. Mbele ya kibanda kuna baraza ya mabati, na baraza imeshikiliwa na nguzo ya mkalitusi niliyoinunua kwa jasho langu. Chini ya baraza kuna benchi la ubao wa lori kuukuu, na mwisho wa benchi mama wa kahawa, Mideva, ameweka jiko lake na birika la kahawa ya tangawizi. Watu hukaa hapo kuanzia asubuhi, baridi ikiwa bado inauma masikio. Kunyolewa hawanyolewi. Wanakunywa kahawa na kubishana, na kwa miaka sasa wanabishana juu ya mtu mmoja tu, yule Jenerali aliyetawala upande ule wa mpaka zamani, miaka ya sabini, akaua watu ovyo mpaka akafukuzwa. Jina lake hatulitaji. Ukisema Jenerali kwenye benchi hili, hata mtoto wa nasari anajua unasema nani.

Uharibifu wa nguzo yangu ulianza na Kituyi. Kituyi anatoka Turbo, ameendesha malori maisha yake yote, na tunamwita Breki kwa sababu akianza uongo hana. Siku moja alisema babake alimwona Jenerali kwa macho yake, na kichwa kilifika hapa, akachukua kipande cha makaa kwa Mideva akachora mstari kwenye nguzo. Hakuniuliza. Wiki iliyofuata Gichuru akasema mstari uko chini sana. Gichuru alifundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu, tunamwita Profesa, na hawezi kukuambia kahawa ni moto bila kuitaja sayansi. Akachora wake juu kidogo. Basi hapo ikawa sheria ya benchi: mtu akileta stori mpya ya Jenerali, na wengine wakikubali imewashinda, anapandisha mstari. Jenerali alikufa, akazikwa mbali huko, lakini kwenye nguzo yangu bado anakua. Ilifika mahali lazima upande juu ya benchi ndio uufikie mstari, na ulikuwa umebakisha shibiri kugusa bati.

Halafu kuna Lennox. Huyu ni kijana mkubwa, mabega mapana, anabeba simiti kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo ng'ambo. Mwaka juzi mtu alimrekodi kwa simu akiiga sauti ya Jenerali, akiwaamuru wabebaji wenzake wapigie mfuko wa simiti saluti, na ile video ikazunguka mji mzima. Tangu siku hiyo hana jina lingine. Wakubwa wanamwita Jenerali Mdogo, watoto wanampigia saluti, na polisi mmoja wa barabarani huwa anamsimamisha tu ili aisikie ile sauti.

Alhamisi moja alifika amevaa koti. Koti lenyewe lilikuwa la mtumba, la kijani, la mtu aliyekuwa mnene kuliko yeye, na kifuani Mideva alikuwa amemshonea vifuniko vya soda kwa mistari, vinang'aa na kugongana akitembea. Sababu ya koti tuliijua wote. Jumamosi kulikuwa na harusi ya kijana anayeitwa Brian, familia yake ni ya upande wa ziwa, yeye amezaliwa hapa na anafanya kazi hapa. Brian alikuwa ameiona ile video na alitaka Lennox awe mshereheshaji, aongoze harusi nzima kwa sauti ya Jenerali. Lakini mwenye neno la mwisho alikuwa mama ya Brian, na mama alisema atakuja mwenyewe kumwona huyo mtu kabla ya kukubali. Mwenye ukumbi naye alikuwa ameahidi kwamba Lennox akifanya vizuri Jumamosi, harusi zote za mwisho wa mwaka ni zake. Lennox ana mtoto mdogo na mgongo ambao umeanza kumsumbua akiinama. Alikuwa ametuomba tumsaidie, tumpe stori na maneno, asije akaishiwa mbele ya watu.

Kwa hivyo tulikuwa tunaiangalia barabara, tukingoja gari. Brian alisema mama atakuja na gari.

Wakati tunangoja, bodaboda ilisimama ikashusha mama mmoja wa makamo, sweta ya kanisa, kitambaa cha samawati kichwani, mkoba umebanwa kwapani. Alisalimia, akauliza kama anaweza kukaa. Breki akasogea bila kumtazama. Mideva akampa kikombe. Tulidhani anangoja usafiri wa kwenda Turbo, wengi hukaa hapo wakingoja, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Breki ndiye alianza kulikosoa koti.

BREKI: Hiyo tumbo haitoshi. Jenerali alikuwa na tumbo ya kuwekea sahani.

LENNOX: Nitaweka mto.

PROFESA: Kisayansi mto hauwezi. Ukicheka unaenda kushoto.

LENNOX: Sasa nifanye nini, Mwalimu? Harusi ni keshokutwa, siwezi kunenepa.

PROFESA: Usicheke. Wacha watu wacheke, wewe simama tu. Nguvu yake ilikuwa hapo.

Breki akasema hapana, nguvu yake ilikuwa kwenye mikono. Akatueleza, na macho yake hayakupepesa, kwamba akiwa utingo mdogo kabisa walifika mpakani na lori la mahindi, askari wakakataa kuwafungulia. Jenerali mwenyewe akatoka ofisini, akashika bampa ya mbele, akainua lori na mahindi yake yote, akachungulia chini, akalirudisha polepole kama mtu anayelaza mtoto. Halafu akawaambia waende salama.

MIDEVA: Alikuwa anatafuta nini huko chini?

BREKI: Hakusema. Mtu kama huyo anajieleza?

MIDEVA: Na wewe ulizaliwa lini, Breki?

BREKI: Mama, usiharibu stori na mahesabu.

Profesa alikuwa anatikisa kichwa muda wote huo, na tulijua ana kitu. Profesa hukohoa kwanza. Akakohoa. Akasema tatizo la benchi hili ni kwamba linaongea juu ya Jenerali kama marehemu, na Jenerali hakufa. Kile walichozika huko ng'ambo ni sanduku. Mwenyewe yuko Timboroa.

BREKI: Timboroa hii yetu?

PROFESA: Nyuma ya msitu. Analima viazi.

BREKI: Angekuwa na miaka mia moja sasa.

PROFESA: Ndio sayansi inaingia hapo. Angalia kiazi cha Timboroa. Kwa kile kibaridi cha kule juu kinakaa msimu mzima bila kuoza. Sasa kiazi ni nini? Ni maji na wanga. Mtu ni nini? Maji na wanga. Mnanifuata?

Tulimfuata. Ndiyo aibu ya benchi lile, kwamba mtu akiongea kwa sauti ya darasani tunamfuata tu. Profesa akamaliza kwa kusema ushahidi uko sokoni, mtu aende aangalie ukubwa wa viazi vinavyotoka Timboroa siku hizi, halafu ajiulize ni mkono gani unaovilima.

Mideva akasema hayo yote hayajui, yeye anajua tu kwamba shangazi yake, dada ya babake, aliposwa na Jenerali. Jenerali alituma jeshi zima mpaka Vihiga na ng'ombe, na shangazi akakataa kwa sababu alikuwa ameokoka. Hapo ikabidi nizime mashine ya kunyoa nitoke nje. Mimi nimekaa mji huu miaka mingi, nimenyoa vichwa vya kabila zote, na sijakutana na mtu ambaye shangazi yake hakuposwa na Jenerali. Mungai wa duka la simu anaye. Jirani yangu wa Sugoi anao wawili. Nikamwambia Mideva, kama hao mashangazi wote walikataa, huyo mtu alikuwa anaoa saa ngapi na kutawala saa ngapi. Mideva akasema nirudi kunyoa.

Sikurudi, kwa sababu Lennox alikuwa amesimama. Alisema anataka kujaribu mwanzo wake, tumwambie ukweli. Akavuta koti, akatoa kifua mbele, akaishusha shingo, na ile sauti ikatoka. Sijui aliipata wapi. Ni sauti nzito, ya mtu aliyeshiba, inaburuta maneno halafu inayaachilia ghafla.

LENNOX: Mimi, mshindi wa mito yote pamoja na madaraja yake, natangaza kwamba huyu kijana ameoa. Mwenye kupinga asimame. Wewe, umesimama? Kaa. Umekaa? Nani amekuruhusu ukae?

Breki alikuwa ameshika mbavu. Mtu aliyekuwa kwenye kiti changu, nusu kichwa kimenyolewa, alitoka na kitambaa shingoni akaja kusimama mlangoni.

LENNOX: Mama wa bibi harusi, nakupa medali. Baba wa bibi harusi, wewe pia nakupa, lakini ndogo. Na yule ambaye atakula pilau yangu na hakuchanga, huyo tunamjua. Huyo tutamweka kwenye friji, karibu na soda, kichwa upande huu, miguu upande ule.

Tulicheka. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikashika nguzo. Ile ya friji ni ya zamani, kila mtu amekua akiisikia, kwamba Jenerali alikuwa anaweka watu wake kwenye friji, lakini vile Lennox aliisema, na ile pozi ya kufungua mlango na kuchagua soda, ilikuwa mpya kabisa. Breki akapiga kura papo hapo, Profesa akaunga mkono, na Lennox akapewa haki ya kupandisha mstari. Akapanda juu ya benchi na vifuniko vyake vikigongana, akachukua makaa, akachora. Mstari uligusa bati.

Breki akasema sasa tutoboe bati. Nikamwambia ajaribu aone.

Ni hapo yule mama wa sweta alipoweka kikombe chini. Kahawa yake ilikuwa imejaa bado.

"Hiyo mistari ni ya nini?" akauliza.

Breki akamweleza kwa furaha, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake. Akamwonyesha mstari wa kwanza kabisa, ule wa babake, akamwonyesha wa Profesa, akapandisha kidole mpaka ule wa juu kabisa. Profesa akaongezea uzito wa Jenerali, saizi ya viatu vyake, ndondi alizocheza, idadi ya medali. Mama alisikiliza vizuri. Alikuwa na uso wa upole, wa mtu anayefundisha Sande skuli.

"Mnamjua sana," akasema.

"Mama, hapa ndio makao makuu," akasema Breki.

"Na watu aliwaua wengi, si ndiyo?"

Profesa akasema ni laki kadhaa, wengine wanasema hivi na wengine vile, wataalamu hawajakubaliana. Alizitaja kama magunia ya mahindi, na sisi tukaitikia kwa kichwa.

"Nitajie mmoja," akasema mama.

Breki akacheka kidogo, akadhani ni mzaha. Halafu akamtazama Profesa. Profesa akakohoa, akasema kulikuwa na yule wa kanisa, mkubwa, jina liko hapa kwenye ulimi. Tukangoja. Lori likapita kwenye matuta, likamaliza, na jina halikuja. Mideva alikuwa anachochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa. Mimi nilijaribu kichwani mwangu, nikakosa hata mmoja. Nilikuwa najua Jenerali alikuwa akinyolewa kwa wembe wa aina gani, kwa sababu ni kazi yangu na stori hiyo nilishawahi kuipandishia mstari.

Mama akasema, "Mimi naitwa Perez Omollo. Ni mama ya Brian."

Lennox alikuwa bado juu ya benchi. Akashuka pole pole, akishika vifuniko kwa mkono visipige kelele. Akasema shikamoo, kitu ambacho sijawahi kumsikia akisema, huku kwetu hatusemi sana. Akasema hatukujua, tulikuwa tunangoja gari.

"Gari limepelekwa kuchukua viti," akasema Mama Perez. "Kaa, kijana wangu. Sijakuja kugombana. Brian ameniambia wewe ni mtu mzuri na unafanya watu wanafurahi. Nilikuja kukupa jina moja tu."

Akasema nyumbani kwao, kijana akioa, ndugu ya mama yake anatajwa mbele ya watu kabla ya chakula, asimame, watu wamwone. Ndugu yake yeye alikuwa mmoja, mkubwa wao wote, akiitwa Jacktone. Alikuwa fundi cherehani na alienda upande ule wa mpaka kutafuta maisha kabla mambo hayajaharibika, akafungua duka, na kila Krismasi alikuwa anarudi nyumbani na nguo za watoto ambazo ameshona mwenyewe bila kuwapima, kwa kukisia tu wamekua kiasi gani. Zilikuwa zinawatosha. Alikuwa anambeba yeye Perez mabegani kutoka stendi mpaka nyumbani, na yeye alikuwa anashika masikio yake kama usukani.

"Krismasi moja hakuja," akasema. "Halafu mtu aliyetoroka akatuambia askari wa huyu wenu walimshusha kwenye basi. Basi likaenda. Hiyo ndiyo stori yote tuliyo nayo."

Akautoa mkoba kwapani, akauweka magotini.

"Baba alingoja miaka, halafu akasema tumzike. Kwetu mtu asipopatikana, mnazika yago. Ni tunda, refu hivi, zito, linaning'inia kwenye mti wake kama kwa kamba. Mnalililia kama mtu. Sasa fundi wa jeneza akaja, akauliza, huyu alikuwa mrefu kiasi gani? Watu wazima wamesimama pale, wajomba, majirani, na hakuna anayejua. Nani anampima ndugu yake? Mmoja anasema hivi, mwingine vile. Mwishowe Baba akasema basi, pimeni tunda."

Akaiangalia nguzo yangu, kutoka chini mpaka kwenye bati.

"Kwa hivyo Jumamosi utamtaja. Jacktone Omollo, mjomba wa bwana harusi. Hicho ndicho nilikuja kusema. Lakini nimekaa hapa nikasikiliza, na sasa nina swali. Jina hilo utalitaja kwa sauti gani?"

Lennox akafungua mdomo. Huyu huwa anajibu polisi, anajibu walevi, anajibu watoto wa shule kabla hawajamaliza kuuliza. Akasema, "Naweza kujaribu?" Mama Perez akasema jaribu.

Akatoa kifua mbele kwa mazoea, akasema, "Jacktone Omollo," na ikatoka sauti ya Jenerali. Nzito, ya kushiba, inaburuta. Jina la yule fundi cherehani kwenye mdomo wa mtu aliyemuua. Lennox mwenyewe aliisikia, akaweka mkono mdomoni. Mama Perez akafunga macho.

Akajaribu tena, ikawa ileile. Nikaelewa kwamba huyu kijana, kwa miaka miwili, kila aliposimama mbele ya watu alisimama na ile sauti, na sauti yake mwenyewe ya kusimama nayo hakuwa amewahi kuijenga. Akavua koti. Akalikunja, vifuniko ndani, akampa Mideva. Akabaki na shati lake la kazi, lenye vumbi la simiti mabegani, na akasema tena lile jina. Safari hii ilikuwa sauti ndogo, nyembamba kuliko mwili wake, na ilikwaruza katikati.

"Tena," akasema Mama Perez.

"Jacktone Omollo. Mjomba wa bwana harusi."

"Hiyo," akasema. Akasimama, akamlipa Mideva, akatushukuru kwa kahawa ambayo hakuinywa. "Njoo na hiyo. Koti liache."

Breki alimsindikiza mpaka kwenye bodaboda na kumshikia mkoba. Aliporudi alikaa mbali na nguzo.

Nilienda kwenye harusi, kwa sababu ni mimi niliyemnyoa bwana harusi. Breki na Profesa walienda kwa sababu kulikuwa na pilau. Ukumbi ulikuwa umejaa, na Lennox alipoingia na suti ya kuazima, watu walianza kupiga kelele kabla hajashika kipaza sauti. Jenerali, Jenerali, meza zinapigwa, simu zote juu zinarekodi. Wengine walikuwa wamesimama saluti. Hata Brian, na nilimwona, alikuwa anapiga makofi.

Lennox alisimama pale na kipaza sauti mkononi na jasho likimtiririka. Najua alikuwa anafikiria nini, kwa sababu mwenye ukumbi alikuwa ameegemea mlango, akitabasamu na kungoja. Neno moja tu kwa ile sauti na ukumbi ungelipuka. Alingoja mpaka kelele zikachoka. Halafu akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba kabla ya chakula kuna mtu wa kutajwa, ambaye hawezi kusimama, kwa hivyo anaomba sisi tusimame. Akamtaja.

Mama Perez alisimama peke yake kwanza. Halafu Breki akasukuma kiti nyuma kwa kelele mbaya, akasimama na sahani mkononi, kwa sababu alikuwa ameshajichukulia sahani kabla ya foleni. Halafu Profesa, halafu mimi, halafu meza baada ya meza. Kuna mama mzee wa upande wa Vivian, bibi harusi, hakuwa hata wa kabila yao, alianza kulia kwa sauti, na nilisikia anataja jina lingine kabisa, la mtu wake.

Chakula kililiwa. Lennox aliongoza harusi mpaka mwisho, si vizuri sana, alisahau kumwita mkata keki. Jioni mwenye ukumbi alimwambia asante, lakini watu walikuja kumwona Jenerali, na yeye ana jina la kulinda. Harusi za mwisho wa mwaka akampa mwingine, kijana wa Langas, ambaye nasikia naye ameanza kuifanyia mazoezi ile sauti, na tayari ana koti. Nilikasirika nikataka kurudi nimwambie huyo mwenye ukumbi vizuri, Lennox akanizuia.

Jumatatu Lennox alikuwa amerudi kwenye simiti. Alipita na mfuko begani, akasimama kwetu kupumua, Mideva akampa kikombe na hakutaka kulipwa. Profesa alisema kwamba yule wa kanisa jina lake lilimjia usiku, akalitaja, na akatutajia na mwingine. Alikuwa amesoma. Hakuna aliyesema habari ya kupandisha mstari.

Breki ndiye hakuweza kutulia. Aliizunguka nguzo yangu, akaja upande wa pili, ule unaotazama kibanda, ambao hauna alama yoyote. Akauchunguza. Halafu akainama kwenye jiko, akachukua kipande cha makaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanitazama kuniomba ruhusa. Nikamwambia sawa.

Akanyoosha mkono juu kidogo ya kichwa chake. Akaushusha mpaka usawa wa sikio. Akaupandisha tena.

"Yule fundi," akasema. "Niweke wapi?"

Tukatazamana. Lennox akaangalia chini, Profesa hakukohoa. Mideva akainamisha birika kuongeza kikombe cha Lennox, likatoa masimbi ya kahawa tu.

Breki akarudi akakaa bila kuchora, makaa yake bado mkononi.